Vivuko Viwili vya Semliki

Baba yangu alikuwa mwalimu wa serikali, mzaliwa wa Kasai, mkoa wa mbali, na Kiswahili chake kilimtangaza kabla hajamaliza kusalimia. Miaka ile ya uasi, hilo lilitosha kumuua mtu. Waasi walipokaribia Butembo, mama, ambaye ni Mnande wa palepale, aliamua kwamba tutapitia Beni, tuvuke mto Semliki, tuingie Uganda. Baba alikatazwa kufungua mdomo njia nzima. Kwa mwalimu, hiyo nayo ni adhabu.

Daraja lilikuwa limevunjwa. Mtoni tulikuta vivuko viwili, kila kimoja mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na kuwekewa mbao juu. Ungedhani ni mapacha, ila kimoja kilikaa chini zaidi majini. Wenye navyo walitaka bei ileile. Baba alinyoosha kidole kuonyesha kile kilichoelea vizuri, na hata sisi watoto tulikubaliana naye.

Mama hakutazama mitumbwi. Watu wa milimani tunajua nini kuhusu mitumbwi? Alitazama watu. Kwao, aliyekula mkononi mwako hawezi tena kukuuza kwa adui. Akafungua jani la mgomba, akamega bugali baridi, ndicho chakula pekee tulichobaki nacho, akampa kila mvushaji tonge. Mwenye kivuko kibovu alikula, akalamba vidole. Mwenye kile kizuri alishukuru, akasema ameshiba, akageukia pembeni.

Basi, mama akatupandisha kwenye kibovu. Baba alisahau adhabu yake, akanong'ona kwamba tutazama.

“Maji tutaitosha inje na sufuria,” mama alimjibu. “Mutu mwenye hapana kula kwangu, nitamuzuia na nini?”

Katikati ya mto sufuria ilishindwa. Baba alichota mpaka jasho likamtoka, lakini mbao zilianza kumezwa na maji. Ndipo tukamwona yule wa pili anatufuata, hakuna aliyemwita. Mama alimkumbatia baba, akiamini kwamba mtu huyo anakuja kumkamata.

Alibana kivuko chake kwenye chetu, akatunyanyua watoto mmoja mmoja, akamvuta mama na mvushaji mwenzake, kisha akampa baba mkono.

“Merci mingi,” baba alisema, kwa lafudhi yote ya Kasai.

Yule mtu alisikia. Alimtazama baba kidogo, akamwambia asogee katikati, akaendelea kusukuma kivuko kwa mti wake mrefu.

Ng'ambo, mama alimuuliza waziwazi kwa nini alikataa tonge lake. Mvushaji aliona haya, akawa anajishughulisha na kamba.

“Mama, hapana kama nilikatala chakula yako,” alisema. “Niliona namna batoto banaiangalia.”

Mama alikaa palepale kwenye tope akalia, yeye ambaye tangu nyumbani hakuwa ametoa chozi.