Jiwe Nililong'oa Suguti

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi ya kupakia rangi, nikaambiwa nifagie ukuta. Si ukuta wa nyumba, ukuta wa shimo kule Suguti, refu kwenda chini kama watu wawili. Mimi Nyafuru, mtu wa darasa la tatu, nilizoea jembe na kufinyanga vyungu na mama yangu, nikafagia kwa nguvu. Mjiolojia Mkuu, Bwana Masatu, akanizuia mkono.

"Taratibu, mama. Unafuta maandishi."

Maandishi sikuyaona. Niliona udongo mgumu wenye mistari myembamba, kama kurasa za Biblia iliyolowa ikakauka. Hayo ndiyo matabaka. Kila mstari ni tope lililotulia chini ya maji, la chini likiwa la zamani kuliko la juu. Kila kipande tulichokata, wao wakikiita sampuli, tulikichora mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Kikipinduliwa, habari yote imepinduka.

Bwana Masatu alikuwa anatafuta barafu. Mimi na Nyangeta, mwenzangu wa kufunga sampuli, tulicheka.

"Barafu Suguti? Si aende Musoma kwa wauza samaki," Nyangeta alisema.

Bwana Masatu alimsikia, akacheka naye. "Ilikuwepo kabla ya ziwa lenyewe, dada."

Tukachimba miezi. Asubuhi moja alikata kipande kwa mkono wake mwenyewe, akakichora mshale, akatuambia tukifunge kiende stoo ya Bunda. Nyangeta akapanda juu kufuata magazeti ya kufungia. Nikabaki na kile kipande. Katikati yake kulikuwa na jiwe laini, kubwa kama yai. Kwetu mfinyanzi haachi jiwe kwenye udongo, linapasua chungu motoni. Na hili lilikuwa zuri la kusugulia vyungu. Nikaingiza kidole, likatoka. Nikalifunga kwenye pindo la kanga. Nilijua nimesafisha. Nyangeta aliporudi, akakifunga kile kipande bila kukikagua.

Kule Bunda, Bwana Masatu alifungua gazeti mbele ya mkubwa wake aliyetoka Musoma. Akakigeuza kipande huku na huku. Halafu akatuonyesha lile tundu.

"Tope linaweza kukunjamana kwa kuteleza tu. Lakini hapa lilianguka jiwe, limetoka kwenye barafu inayoelea ikiyeyuka. Angalieni, mistari ya chini imebonyea, ya juu imelifunika kama shuka. Sasa jiwe liko wapi? Bila jiwe, hili ni tundu tu. Nani alifunga?"

"Mimi ndiye niliyefunga, bwana," Nyangeta alisema.

Jiwe lilikuwa kiunoni kwangu. Sikusema. Nilijiambia likishatoka kwenye tope lake halithibitishi kitu tena, na hiyo ni kweli, lakini siyo sababu iliyonifunga mdomo. Nyangeta akaachishwa kazi siku ile. Mvua ikaja, ukuta wa shimo ukaporomoka, na Bwana Masatu hakupata jiwe lingine mpaka anastaafu.

Mimi nikabaki. Nikawekwa stoo ya Bunda, baadaye kambi ya Butiama, nikawa msimamizi wa wafungaji. Nyie mnaoanza leo mna mashine za kukata, sisi tulikuwaga na panga na mgongo. Kila mgeni nilimfundisha kwanza asitoe kitu kwenye udongo, hata mzizi. Walidhani ni ukali. Magoti yalipokataa kushuka mashimoni, nikarudi nyumbani.

Mwaka huu nikapanda gari mpaka Kibara, kwa Nyangeta. Nilimkuta anageuza dagaa juani, amezeeka kama mimi. Nikamweleza, nikaweka jiwe kwenye turubai, juu ya dagaa.

"Nilijuaga," alisema.

"Ulijuaje?"

"Mama yako alinionyesha. Alikuwa anasugulia vyungu, anakusifia, mtoto wangu kaniletea jiwe zuri toka kazini."

"Sasa mbona hukwenda kusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Yeye akaendelea na kazi. Alipofika pale kwenye jiwe akalisogeza pembeni kwa nyuma ya mkono, akageuza dagaa waliokuwa chini yake.