Nilivyojifunza Kuacha Swali

Siku ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye dawati la madai, tawi la Singida mjini la kampuni moja ya bima, nikapewa muhuri na rundo la fomu za wakulima wa alizeti walioangushwa na ukame. Umri ulikuwa umeshaenda. Nilikuwa nimetoka kufundisha hisabati sekondari. Meneja wa Tawi, mtu wa Kinyangiri mwenye sauti ya chini, alisimama nyuma yangu akaniangalia ninavyojumlisha kwa kichwa. "Dada Yuditha," akasema, "hapa mbele tunakupoteza bure." Nikadhani ananifukuza.

Kumbe alikuwa na lake. Makao makuu kulikuwa na kitengo cha takwimu bima, yaani watu wanaokokotoa kampuni iweke akiba kiasi gani leo ili kesho iweze kulipa ilichoahidi. Mlango wa kuingilia ulikuwa mtihani wa kitaalamu wa hisabati za fedha. Kampuni ilikubali kunigharimia mara tatu. Nikifaulu, nahamia kitengo; nikianguka zote, nabaki na muhuri wangu hadi kustaafu. Kitengo hicho nilikitaka kwa moyo wote, maana nilichoka kuwaambia wakulima "fidia ndiyo hiyo" bila kujua nani aliyeipanga na kwa hesabu gani.

Ninyi vijana mnaniuliza mtihani ule una nini ndani. Una wazo moja lililobadilishiwa nguo mara nyingi: fedha ya leo na fedha ya kesho hazilingani. Kuirudisha ahadi ya kesho kwenye bei ya leo ndiko kunakoitwa kutafuta thamani ya sasa. Kuna malipo ya mfululizo, na hapo wengi wanaumia. Yakilipwa mwanzoni mwa kipindi, fikiria kodi ya nyumba, unayoitoa kabla hujalala ndani. Yakilipwa mwishoni, fikiria mshahara, unaousubiri hadi jasho likutoke. Halafu kuna hatifungani: unaikopesha serikali, inakulipa riba kidogo kidogo, na mwisho wa muda inakurudishia mtaji.

Yote hayo niliyajua, na mara ya kwanza nikaanguka. Mara ya pili nikaanguka tena. Nililia chooni pale ofisini, nikanawa uso, nikarudi kupiga mihuri.

Jioni ile Meneja aliniita.

"Maswali ambayo hukuyafikia yalikuwa mengi?"

"Mengi, bosi. Muda uliniishia."

"Na uliyoyafikia?"

"Nilimaliza kila moja."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba naye aliufanya mtihani huohuo ujanani mwake, akaanguka mpaka akakata tamaa. "Kwenu Mgori, mkilima, mtu anaruhusiwa kuacha mstari katikati?"

"Thubutu."

"Kwetu pia. Basi ndio ugonjwa wetu huo. Swali gumu na swali jepesi alama zake ni sawa. Wewe unang'ang'ana na moja gumu, mepesi yanakuozea shambani."

Alisema kweli. Mama yangu alitugawia mistari asubuhi, na hakuna aliyekula kabla ya kufika mwisho wa mstari wake. Ukikutana na mizizi, ni yako. Ukichoka, unalia huku unalima. Simlaumu, malezi hayo ndiyo yaliyonifikisha chuo.

Tangu siku hiyo, ofisi ikifungwa, Meneja aliweka saa ya mezani mbele yangu na kunipa swali. Kengele ikilia, anachukua karatasi, hata kama kalamu iko juu yake. "Bado kidogo tu, bosi." "Acha." Nilimchukia. Siku moja niliishika karatasi naye akaivuta, ikachanika. Hakukasirika, aliagiza chai tukanywa, kisha akasema, "Kesho tena." Pole pole nikajifunza kusoma swali, na nisipoiona njia, kuliwekea alama na kusonga mbele. Lakini kila nililoliacha liliniuma.

Mtihani wa tatu niliufanyia Dar es Salaam, kwenye chumba cha baridi kilichojaa kompyuta. Katikati nikakutana na swali la hatifungani. Njia niliiona, nusu nikaifanya, ila jibu langu halikuwemo kati ya yale waliyotupa tuchague. Niliamini kwamba nikikaa nalo nitalipata. Mkono ulikataa kuondoka. Nikamfikiria Meneja, ambaye hakuwa tena na nafasi ya kujaribu, nikaliacha. Yaliyofuata yalikuwa mepesi, na muda ukaisha kabla sijalirudia lile. Mpaka leo sijui jibu lake.

Nilifaulu. Nilipompigia Meneja simu akasema, "Asante, dada," utadhani mimi ndiye niliyempa kitu. Nililia tena, safari hii bila kujificha.

Nikahamia makao makuu, chini ya Mtakwimu Bima Mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo. Hesabu yangu ya kwanza aliirudisha. "Umekokotoa vizuri. Sasa iandike mkulima aielewe." Kazi hiyo niliifanya hadi nilipostaafu, na niliipenda.

Huko nyumbani, mama aliwatangazia watu wote wa Mgori kwamba nimefaulu kwa sababu yeye hakulea mtu wa kuacha mstari. Nani angemharibia furaha ile?

Sasa naishi Unyambwa na kuku wangu na shamba dogo la alizeti, na mama ninaye hapa, mzee sana lakini masikio mazima. Juzi alikuja Rehema, binti wa kaka yangu, anayejiandaa kwa mtihani uleule. Ameshaanguka mara moja, na macho yake yalisema hivyo kabla ya mdomo. Baada ya shikamoo nilimpa maswali na kuweka saa mezani. Kengele ikalia, nikaishika karatasi.

"Shangazi, namalizia."

"Acha."

Mama alikuwa pembeni akipepeta mtama. Ungo ukasimama. "Unamwambia aache?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uliacha?"

Mstaafu mzima, nikajibu kama mtoto. "Niliacha, mama. Moja sikulirudia kabisa."

"Na bado wakakupa?"

"Wakanipa."

Aliusawazisha mtama kwa kiganja. Kisha akasema kwa Kinyaturu, taratibu, "Basi siku zile ningewaacha mle kwanza."

Akauweka ungo chini, akamgeukia mjukuu wake.

"Rehema, liache hilo. Njoo ule."