Mlinzi Aliyelala Lweba

Nakumbuka asubuhi moja kule Lweba, kijiji chetu cha Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, tulimkuta mlinzi tuliyemtegemea kuliko wote amelala usingizi mzito, filimbi mdomoni, na nyayo za viatu vya askari zimepita mchangani karibu na miguu yake. Alikuwa Asukulu, mume wa dada yangu. Hakuna aliyeuawa usiku ule, mwanangu, lakini kabla jua halijapanda nusura sisi wenyewe tuue.

Ngoja nirudi nyuma. Vita ilipofika kwetu, tulichagua wavuvi walinde kijiji. Mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, huingia ziwani na taa jioni, hurudi kukicha, hulala mchana. Nani angekesha kumshinda? Kisha wenye silaha wakakataza mitumbwi kutoka usiku. Asukulu akashika jembe, akawa analima mihogo juani kutwa kama sisi. Wiki zikapita. Zamu ya usiku tukamwachia vilevile, maana ni mvuvi.

Sasa vijana walimzunguka na fimbo.

"Umetuuzisha!" akafoka mmoja. "Muvuvi halalake usiku!"

"Usingizi ilinibeba tu, bandugu."

"Ilikubeba mpaka kwa nani? Sema jina!"

Dada yangu alisimama na mtoto mgongoni. Mimi niliogopa hata kusogea. Ndipo Mama Riziki, muuguzi wa kituo cha afya, akapita katikati yao.

"Muweke fimbo chini, batoto. Mwili iko na saa yake. Balimutoa ku maji, akaenda kulima ku jua, saa ikageuka. Nani kati yenu alimuuliza kama bado anaweza kukesha?"

Fimbo zikashuka moja moja.

Baadaye Mama Riziki alinieleza taratibu. Karibu kila chembe hai ya mwili hutengeneza protini fulani. Zikijaa, huingia katika kiini cha chembe na kuisimamisha kazi ya kuzitengeneza. Kisha huvunjika kidogo kidogo, na zikishapungua kazi huanza upya. Mzunguko huo huchukua karibu mchana na usiku mmoja, nao ndio huuambia mwili sasa lala, sasa amka. Mwanga unaoingia machoni huusogeza, lakini polepole, siku baada ya siku. Hofu yaweza kukufanya ukeshe usiku mmoja au miwili. Protini hazijui vita.

Mwanangu, hasira hasara, na kuuliza si ujinga. Usimkabidhi mtu roho za watu kwa sifa ya jana. Uliza kwanza anaishi vipi leo. Nawe ukipewa zamu huku macho yanalemewa na usingizi, sema mapema, si aibu. Na ujihadhari na nyakati ambazo kila mchovu huonekana msaliti. Mungu akulinde ukiwa macho, akulinde zaidi ukilala.

Asukulu hakuombwa radhi na mtu. Mchana uleule alimpandisha dada yangu na mtoto mtumbwini, wakaelekea ng'ambo, upande wa Kigoma. Mpaka leo sijapata habari kama walifika.