Gemu Zote Zinaruka

Mzee Honi hakuwa mtu wa gemu. Alikuwa dereva wa lori, tena wa safari ndefu, wa kuondoka nyumbani na begi na kurudi na vumbi. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu alikuwa akipiga honi hata akimpita mbuzi aliyejilalia zake. Kisha siku moja, mchana kweupe, barabara imenyooka, akapoteza fahamu kwenye usukani. Lori likapanda tuta. Kama utingo wake asingeirukia breki ya mkono, sasa hivi tungekuwa tunasimulia mengine.

Daktari akasema ni kifafa. Akampa vidonge na sharti juu yake: mwaka mzima asiguse usukani. Ukiisha bila tukio hata moja, arudi kazini. Likitokea moja tu, udereva kwaheri. Mkewe akakusanya funguo zote, hata za pikipiki, akazificha anakokujua mwenyewe.

Jamani, mwanamume aliyezoea dirisha la lori ukimfungia sebuleni, unataka awe nani? Kochi, ukuta, pazia, ukuta. Akisogea kibarazani anaulizwa anakwenda wapi. Akikawia chooni, mlango unagongwa.

"Baba watoto, u mzima?"

"Mzima! Hata huku mnanifuata?"

Lori likipita barabara kuu alijua kwa kulisikia tu liko gia ya ngapi. Roho ilimuuma mpaka akawa anafunga dirisha, joto au baridi.

Ndipo mdogo wake alipomletea mashine ya gemu ya kuunganisha kwenye runinga, walau apoteze muda. Aliipokea kwa dharau. Wiki haijaisha, ukitaka kutazama taarifa ya habari unaambiwa subiri kwanza, mzee yuko safarini.

Na maoni sasa! Hakuna aliyemuuliza, lakini kila mtu aliyapata. Gemu ya malori aliipa sifa moja tu, kwamba honi wameipatia. Mengine yote upuuzi. "Barabara gani hii haina shimo hata la kusingizia? Na utingo yuko wapi? Nikikwama mlimani nani anashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi?" Ya mpira aliiona ya kitoto, kwa sababu refa akikosea unamtukana na wala hasikii. Ya vita aliicheza mara moja. Aliuawa kabla hajakijua kitufe cha kuchuchumaa, akafufuka, akauawa tena. "Watu wanakufa kama wanaokwenda dukani," akasema, akaitoa. Ya shamba aliipenda kwa siri, ingawa mbele ya mkewe alikuwa akiuliza nyanya zinazoiva kabla chai haijachemka atazila nani.

Lakini zote, bila kubagua, alizikuta na kasoro moja: zinaruka. Lori liko barabarani, analikatisha kona vizuri kabisa, mara liko mtoni, matairi juu. Mpira uko miguuni kwa mchezaji wake, mara kafungwa na wapinzani wanashangilia. Anakamua ng'ombe asubuhi, mara zizini giza. "Wamelipua kazi hawa," alikuwa akifoka. "Mtu mzima unauziwa kitu kinarukaruka!" Fundi akaitwa, akaifungua mashine, akaipuliza, akaijaribu. "Mzee, hii nzima kabisa." Mzee Honi akamwita tapeli, na fundi wa watu akaondoka amenuna.

Mwaka ukaisha. Kesho yake ilikuwa siku ya daktari, na bosi alikwishapiga simu kwamba lori limepakwa rangi upya, linamsubiri yeye tu. Shati la kuvaa lilikuwa limepigwa pasi. Mzee alikuwa na furaha hadi akaimba, na kuimba kwenyewe hajui.

Mchana huo binti yake wa kwanza alifika kutoka kwa mumewe, ili amsindikize kesho. Hakupewa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Njoo uone wanavyotuibia hawa watu. Endesha wewe kwanza."

Binti akaendesha. Alikuwa dereva mbovu, akagonga kila nguzo, lakini lori halikuruka hata mara moja.

"Linakuonea haya mgeni," mzee akasema. "Lete hapa."

Akashika yeye. Binti akamtazama baba yake badala ya runinga, kwa sababu alikuwa amemkumbuka. Akaona vidole vinalegea. Macho yako wazi, hayaoni. Mdomo unatafuna na hakuna kitu mdomoni. Jikoni mama akaita, "Baba watoto, sukari kiasi gani?" Akaita tena. Kimya.

Kisha mzee akashtuka. "Umeona! Si nilikwambia? Limeruka tena!"

"Baba, lori halikuruka. Liliacha barabara taratibu, likaenda mpaka mtoni. Wewe ulikuwa unalitazama tu."

"Acha utani."

"Mama amekuita mara mbili."

"Hajaniita mtu."

"Amekuita, baba."

Akataka kufoka, badala yake akaanza kuyakumbuka moja moja: yale magoli, lile giza la zizini, mito yote alimozama. Mwaka mzima alikuwa akiwasingizia watu wasiomjua.

Binti akamsogelea, akanong'ona. "Mama hajui. Daktari naye atakuuliza tu kama imetokea tena. Mimi sina mdomo, baba. Nimekuona ulivyoteseka humu ndani."

Mlango ndio huo, wazi, na aliyeufungua ni mwanawe mwenyewe. Mzee Honi aliutaka kwa moyo wote, tusidanganyane. Aliona usukani, aliona lami. Akamwona na yule utingo, kijana wa watu, amelala kiti cha pembeni, mdomo wazi, hana wasiwasi kwa sababu anayeendesha ni yeye. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Kamwite mama yako," akasema.

Binti hakuinuka. Alimshika mkono, akatikisa kichwa. Ikabidi mzee aite mwenyewe. Mkewe akaja na kijiko mkononi, akawatazama wote wawili, akauliza nani amekufa.

"Keti, mama watoto," Mzee Honi akasema. "Kesho tutakwenda wote. Huyu atamweleza daktari alichokiona. Nipe simu kwanza, nimwambie bosi lori ampe mtu mwingine."