Kadi ya Orrin

Verna Halvorsen, aliyeendesha basi la shule mjini Duluth, Marekani, kwa miaka thelathini, alikwenda kwenye chama chao cha akiba na mikopo kubadilisha kadi yake ya malipo. Ile ya zamani ilimpa pointi nyingi za zawadi akinunua mafuta ya gari, lakini tangu mumewe Orrin afariki hakuwa na safari tena. Kadi mpya ilitoa pointi kwa vyakula.

"Na ya mzee tuifunge?" akauliza Dalene, karani. "Naona imetumika leo asubuhi. Kahawa, pale kituo cha mafuta karibu na ziwa."

"Acha utani, mwanangu. Kadi hiyo nilimzika nayo, mfukoni mwa koti."

Dalene akamgeuzia skrini. Verna akasoma. Akamwambia asiifunge kwanza, akaendesha gari moja kwa moja hadi kituoni.

Kabla hajafungua mdomo, muuzaji akamsogezea kikombe cha kahawa. "Kuna mzee amekulipia, mama. Kasema utapita, na sukari hutaki."

Verna akainywa ndani ya gari, ingali ya moto, huku akitazama barafu ya ziwa. Kadi ile hakuifunga kamwe.