Namba ya Mashine ya Pito

Baba alisaga mahindi na ulezi wa watu wa Pito kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa shuleni, na mimi nimesoma mpaka nikawa mwalimu wa hesabu mjini Sumbawanga. Kwenye mashine ile palikuwa na kibati kilichogongwa namba: 1022117. Aliitazama kila siku, mpaka siku moja akaniuliza kama ni namba tasa.

Namba tasa alikuwa na namna yake ya kuieleza. Kwetu Ufipa tunafukia nyasi kwenye vituta vya mviringo, zioze kabla ya kupanda. Vikiwa kumi na viwili, alisema, unavipanga safu tatu za vinne na shamba linapendeza. Vikiwa kumi na vitatu, utahangaika mpaka uchoke, safu sawa hupati. Sasa alitaka kujua kama vituta milioni moja na ushee vingepangika.

Nilimwandikia orodha ya namba tasa zote zisizofika elfu moja. Nikamwambia agawe kwa kila moja, na zote zikiacha baki, basi namba yake ni tasa. Zilikuwa mia moja sitini na nane. Mtu wa darasa la nne, macho mabovu, kifua kimeshaanza kumbana, akazigawa kwa mkono msimu mzima wa mvua. Mimi hata hesabu ya kikomo, ya kujua agawe mpaka namba ipi, sikuifanya vizuri. Nilijisemea elfu mara elfu ni milioni, inatosha, na zile elfu ishirini na mbili za juu nikazidharau. Uvivu tu, hakuna jina jingine.

Alipomaliza alinipigia simu nikiwa ofisini na rundo la mitihani.

"Mwalimu, baada ya 997 nimetafuta mwenyewe, naona inafuata 1009. Nigawe na hiyo?"

"Inatosha, baba. Ni tasa."

"Haya, mwanangu."

Nilikata simu kabla hajaniaga. Jumapili ile, dada yangu aliniambia, baba aliwasimamisha watu baada ya misa akawaeleza namba yake, akicheka kama aliyeoza binti.

Alifariki kiangazi. Tulipomaliza matanga dada akanipa daftari lake. Hesabu zimejaa, zote zina baki, zote sahihi. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika 1022117 kugawanya kwa 1009, amepiga mstari kwa rula. Chini hakuna kitu.

Nikachukua kalamu nikamalizia. Jibu lilikuja 1013, baki hakuna. Ilinichukua dakika moja, labda mbili.

Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Dada akanishika bega, akasema mzee alikufa na furaha yake, nimwache apumzike. Ni kweli, alikufa na furaha. Lakini lile jibu lilikuwa lake, alishalifikia mlangoni, na mimi ndiye niliyemwambia arudi.