Mgeni Aliyelazwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Kiwengwa, meneja alinionesha skrini tatu juu ya meza moja. "Utaziweza wewe, na macho yako mawili?" Nilijifunza. Skrini moja ilikuwa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na bati wala waya, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ya nje tuliiita mwenyeji, ya ndani mgeni. Mgeni unaweza kumzima, au kumlaza. Ukimlaza, akiamka hajui kuwa alilala. Usipomsahihisha, saa yake huendelea pale pale ilipokatika.

Baadaye nilihamia Mji Mkongwe, kwenye hifadhi ndogo ya sauti. Mkuu wa kitengo alikuwa Bi Zuwena. Niliyeshika nafasi yake, marehemu Maalim Haji, alikuwa mumewe. Programu yake ya kurekodia ilikuwa kongwe, kompyuta mpya zikiikataa, basi akaiweka ndani ya mgeni. Siku moja umeme ulikatika akirekodi, na betri ya akiba ikamlaza mgeni kwa utaratibu. Maalim akatoka kwenda kusali adhuhuri. Alianguka njiani, hakuinuka.

"Mashine yake haijawashwa tangu siku ile," Bi Zuwena aliniambia. "Wenzake wanasema aliniita siku ile. Mie nlikuwa Tunguu, mkutanoni. Kama sauti yake imo, naitaka kabla kompyuta haijafa."

"Itakuwa imo kwenye mashine pepe, Bi."

"Pepe au pepo?" Akacheka kidogo.

Nikamwamsha mgeni. Skrini mbili zilizokuwa mezani zikawaka, tupu. Spika ikatoa sauti ya mwanamume, neno lililokatwa na umeme likimalizika:

"...wena!"

"Naam!" akaitika Bi Zuwena.

Tumefunzwa tangu utotoni: usiitike sauti ya usiyemwona. Alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Dirisha la kurekodia halikuonekana. Nilipousogeza mshale kushoto, ulivuka ukingo wa skrini, ukapotelea pasipo na kitu. Nikaelewa. Maalim alitumia skrini tatu, na mgeni aliamini ya tatu ingalipo.

"Alikuwa akiiweka wapi?"

"Hapo, ubavuni mwake. Tuliitoa baada ya matanga."

Nikaileta, nikaiweka mahali pake, nikaichomeka. Dirisha likatokea, na alama nyekundu ikiwaka. Kipaza sauti kilikuwa bado mezani, na mgeni alikuwa akiendelea kurekodi. Nikasimamisha, nikahifadhi, nikaicheza rekodi.

"Zuwena!"

"Naam!"

Hakukuwa na pengo baina yao, hata la pumzi. Nikaanza kumweleza kuwa miezi yote iliyopita, kwa mgeni, haikuwapo.

"Usinieleze," akasema. "Rudisha."

Alisikiliza mpaka adhana ikaita. Nikamwambia sauti iko salama, na mgeni nimemnakili kwenye kompyuta mpya. Sasa naweza kumzima.

"Usimzime, mwanangu. Mlaze."

Nikamlaza. Nilipostaafu, nilimkabidhi hivyo hivyo kwa aliyenirithi, na nikamwomba asimwamshe bila haja. Nchi imebadilika, ofisi imepakwa rangi nyengine. Kwa mgeni yule bado ni adhuhuri ile, Maalim ameita, na ameitikiwa.